Forester au X-Trail kwa safari za Njombe? Anzeni na giaboksi

*Swali: Habari mtaalamu. Mimi na mume wangu tunaishi Dar na tuna watoto watatu. Kila baada ya mwezi mmoja au miwili tunakwenda Njombe kwa wazazi. Tukiacha lami kuna kama kilomita 20 za vumbi, na mvua zikinyesha ni utelezi mtupu. Tumepata magari mawili yaliyotoka Japan na kutumika hapa nchini kidogo: Subaru Forester ya 2015, isiyo ya turbo, kilomita 112,000, na Nissan X-Trail T32 ya 2014 yenye siti saba, kilomita 98,000. Bei zinakaribiana. Kaka yangu anasema Subaru inakunywa mafuta, silinda hedi zake zinavujisha, na hata kubadilisha plagi lazima injini ishushwe. Fundi wetu anasema X-Trail itatufilisi kwa giaboksi. Muuzaji wa X-Trail anasema oili ya giaboksi yake haibadilishwi maisha yote. Tuchukue lipi?*

Dada yangu, kati ya hao watatu fundi wenu ndiye aliyekaribia ukweli, ingawa hata yeye amesema nusu yake. Kaka yako anaielezea Subaru ya zamani, si hii mliyoiona. Muuzaji wa X-Trail, bila kujua, amekupa sababu ya kulikataa gari lake au kumkata bei. Kwa njia yenu na kwa magari haya mawili, mimi ningechukua Forester, ila ipite kwanza kipimo cha oili nitakachokieleza. Isipopita, iacheni, hata kama rangi imewapendeza watoto.

Kabla ya yote hakikisheni mnachokiona ndicho mnachokinunua. Fungua boneti usome kibati cha namba ya chesesi. X-Trail yenye 4WD huanza na NT32. Ikianza na T32 peke yake, bila N, hiyo ni ya kuvuta mbele tu, na kwenye utelezi wa Njombe itakuwa sawa na gari dogo lililonyanyuliwa kidogo. Muuzaji anaweza asiongope, akawa hajui tu, kwa sababu kwa nje zinafanana mno. Herufi H mbele, yaani HT32 au HNT32, ni hybrid: ina mota na klachi mbili pamoja na CVT, yaani giaboksi isiyo na gia za hatua, na kwa familia inayosafiri mbali na mafundi wa mfumo huo nashauri muikwepe. Upande wa Subaru, SJ5 ndiyo ya 2.0 ya kawaida, SJG ndiyo yenye turbo. SJ5 ya giaboksi ya CVT iwe na kitufe cha X-MODE, cha kusaidia kwenye utelezi, karibu na mkono wa gia. Matoleo ya bei ya chini kabisa yalitoka bila kitufe hicho, na ninyi mtakihitaji.

Sasa giaboksi, maana hapo ndipo pesa inapopotelea. Watu husema "X-Trail ina CVT" kana kwamba Forester haina. Zote mbili ni CVT. Ndani yake hamna gia namba moja, mbili, tatu. Kuna puli mbili za chuma zinazoweza kubana na kutanuka, na kati yake unapita mkanda wa chuma kwenye Nissan, au cheni ya chuma kwenye Subaru. Gari linapoondoka, puli moja inatanuka na nyingine inabana, na ndiyo maana husikii gia zikibadilika. Kinachozibana hizo puli ni shinikizo la oili. Kwa hiyo oili ya CVT hailainishi tu: inasukuma, inapooza, na inaruhusu chuma kishike chuma bila kuteleza. Hiyo ya mwisho inapatikana kwa kemikali zilizomo ndani ya oili, na kemikali hizo huchoka kwa joto na kwa umri.

Oili ikichoka, mkanda unaanza kuteleza kidogo kidogo na kukwangua uso wa puli. Unga wa chuma unaingia kwenye oili, unakwenda kukwama kwenye vali ndogo zinazogawa shinikizo, shinikizo linashuka, mkanda unateleza zaidi. Ukifika hapo, oili mpya haiponyi tena. Ndiyo maana neno la "haibadilishwi maisha yote" ni hatari. Maisha yanayosemwa hapo ni yale ya mnunuzi wa kwanza kule Japan. Kwa foleni ya Mbagala au Kimara na milima ya Iringa, badilisheni kila kilomita 40,000, na msipitishe 60,000. Gari la kilomita 98,000 ambalo halijawahi kubadilishwa oili hiyo limeshapitisha zamu mbili.

Je, X-Trail ina sifa mbaya kuliko Forester kwenye jambo hili? Ndiyo, na sifa hiyo haikuzushwa. Marekani, ambako T32 iliuzwa kwa jina la Rogue, wateja waliipeleka Nissan mahakamani kuhusu CVT hizi, na ikaongeza muda wa dhamana ya giaboksi. Lakini Subaru nayo iliongeza dhamana ya CVT zake huko huko Marekani hadi miaka 10 au maili 100,000, na Forester za kizazi hiki zimo. Kwa hiyo msidhani mnahama kutoka kwenye shida kwenda kwenye usalama. Tofauti ninayoiona ni ya namna zinavyokufa. Ya Subaru mara nyingi huanza kwa kusumbua kwenye vali na solenoidi zake, gari likatetemeka au kutaka kuzima unaposimama kwenye taa, na mara nyingine hutengenezeka bila kubadilisha giaboksi nzima. Ya Nissan mkanda ukishakula puli, mnazungumzia giaboksi ya kushushwa kutoka gari jingine, na hamjui nayo ilitunzwaje.

Fikirieni mlima wa Kitonga. Mmejaa watu na mizigo, mbele kuna lori linatambaa kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, na hamna nafasi ya kulipita. Injini inavuta kwa nguvu, upepo unaopita kwenye rejeta ni mdogo, oili ya CVT inapanda joto. Joto likizidi, kompyuta ya X-Trail hupunguza nguvu kwa makusudi: unakanyaga, gari haliitiki. Wengi hudhani injini imekufa. Ikitokea, tafuta pa kuegesha salama, weka P, acha injini ikiunguruma taratibu dakika 10 hadi 15 ili pampu izungushe oili na feni zifanye kazi. Usizime ghafla. Forester nayo hupata joto, lakini haina siti za watu wawili wa ziada wa kuielemea. Kwa gari lolote mtakalochukua, mkifika kwenye mlima wa namna hiyo achieni nafasi kubwa nyuma ya lori ili mpande kwa mwendo mmoja badala ya kusimama na kuondoka kila mara. Na wakati wa kushuka tumieni vijiti vya usukani au alama ya + na – kwenye mkono wa gia ili injini isaidie breki.

Tuje kwa kaka yako. Suala la silinda hedi alilosema lilikuwa kweli kwa injini za EJ, zile zilizokuwamo kwenye Forester za zamani: zilikuwa na mkanda wa taimingi wa kubadilisha, na gasketi za silinda hedi zilizovujisha, hasa kwenye za 2.5. SJ5 ina injini nyingine, FB20, ya cc 1,995. Inatumia cheni badala ya mkanda, na gasketi za hedi si ugonjwa wake. Plagi zake ziko ubavuni kwa sababu silinda zimelala, hivyo fundi atatoa betri na boksi la filta ya hewa, atahitaji kiunganishi kifupi kwenye spana yake, na atachukua muda mrefu kidogo. Injini haishuki. Fundi akikuambia lazima ishuke kwa sababu ya plagi, mtafute mwingine. Plagi za iridiamu hukaa hadi kilomita 100,000, kwa hiyo kwa gari la 112,000 muulizeni mwenye nalo kama zimeshabadilishwa.

FB ina ugonjwa wake lakini, na huu ndio unaonifanya niweke sharti: kula oili. Ringi za pistoni zilitengenezwa zisibane sana ili kupunguza msuguano, na oili yake ni nyepesi, 0W-20. Ringi ya kufutia oili ikishikwa na kaboni, oili inabaki ukutani mwa silinda na kuungua pamoja na petroli. Marekani Subaru ilimalizana na wateja nje ya hukumu kuhusu jambo hili, kwa Forester za 2011 hadi 2014 zenye 2.5 na baadhi ya Impreza zenye 2.0. Gari lenu la 2015 haliko kwenye orodha hiyo, ila injini ni ya ukoo uleule, na nyingi za hapa zimezidisha tatizo kwa kuchelewesha kubadilisha oili.

Kipimo ni hiki. Gari liegeshwe pasawa, injini ikae imezimwa angalau dakika tano. Chomoa kijiti cha oili, futa, rudisha, chomoa tena. Kati ya alama ya juu na ya chini kuna kama lita moja. Angalia kibandiko cha mara ya mwisho kubadilisha oili: kama imebadilishwa kilomita 3,000 zilizopita na sasa oili iko kwenye alama ya chini, inakula. Kama imebadilishwa jana, muuzaji anaweza kuwa mwema, au anajua anachoficha, kwa hiyo endelea: omba gari liwashwe likiwa baridi kabisa, asubuhi, kabla hajaliwasha yeye, na mtu mmoja asimame nyuma atazame moshi wa bluu. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya ekzosi. Vumbi kavu la kijivu si neno, masizi meusi yenye mafuta ni dalili. Mwambie fundi achomoe plagi mbili azione. Mkishalinunua, jazeni oili hadi alama ya juu na pimeni kila kilomita 1,000. Ikipungua lita nzima kabla ya kilomita 2,000, hilo ni la kurudi gereji. Oili ya injini badilisheni kila kilomita 5,000 hadi 7,000. 0W-20 feki ni mbaya kuliko 5W-30 halisi, na 5W-30 injini hii inaikubali.

Lipandisheni pia kwenye rampu. FB hupenda kuvujisha oili pale kifuniko cha cheni kinapoungana na injini, na pale kibebea kamshafti kinapoungana na hedi (si kwenye gasketi ya hedi). Unyevunyevu wa vumbi lililoshikana unavumilika. Matone yanayodondokea ekzosi na kunuka kama kaango lililosahauliwa ni kazi kubwa, na kwa uvujaji wa hedi, hapo sasa injini inaweza kushuka kweli.

X-Trail inatumia MR20DD, cc 1,997. Hailalamikiwi kwa kula oili kama hiyo, na kwa kuwa imesimama, kila fundi anaifikia. Petroli yake hupuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Faida yake ni ubanaji wa mafuta. Hasara ni kwamba petroli haipiti kwenye vali za kuingizia hewa ili kuzisafisha, kwa hiyo kaboni hujijenga huko polepole, na pampu yake ya shinikizo haipendi petroli yenye uchafu ya kwenye madumu. Forester hupulizia kabla ya vali, mfumo wa kizamani lakini mvumilivu. Kwa mtu anayelazimika siku moja moja kujaza mafuta pasipoeleweka, hilo nalihesabu.

Kuhusu kunywa mafuta, tofauti ni ndogo kuliko maneno ya mtaani. Uzito hauachani sana, ukubwa wa injini ni ule ule, nguvu zinakaribiana: farasi 148 kwa Forester, 147 kwa X-Trail. Foleni ya Dar itawapa kilomita 7 hadi 9 kwa lita kwa gari lolote kati ya hayo. Barabara ndefu kwa mwendo wa adabu, 11 hadi 13. X-Trail inaweza kutangulia kidogo. Subaru iliyompa kaka yako picha hiyo mbaya huenda ni ya turbo.

Kwenye matope ndipo Forester inaponishawishi kabisa. 4WD yake iko kazini muda wote: kwa kawaida nguvu inagawanywa kama 60 mbele na 40 nyuma, na mgawanyo unabadilika tairi zikianza kuteleza. X-Trail huenda kwa tairi za mbele, na klachi ya umeme iliyo karibu na difu ya nyuma huita tairi za nyuma pale inapohitajika. Swichi yake ina 2WD, AUTO na LOCK. Kwa wanaojua kuitumia, LOCK kwenye mwendo mdogo ni nzuri sana. Shida ni kwamba wengi huikumbuka wakiwa tayari wamezama. X-MODE ya Subaru hubonyezwa kabla ya kuingia kwenye utelezi: inatuliza mafuta usiharakishe tairi, inakaza klachi ya nyuma, inashika breki ya tairi linalozunguka bure, na inashusha gari taratibu mteremkoni. Juu ya hayo Forester imeinuka milimita 220, X-Trail kama 205. Sentimita moja na nusu si kitu kwenye lami, ila kwenye njia yenye mgongo katikati ndiyo inayolinda sampo.

4WD ya muda wote ina deni lake, nalo ni tairi. Zote nne ziwe za chapa moja, saizi moja, na uchakavu unaolingana. Mkipasua moja mkanunua mpya moja huku tatu zimeisha, hiyo mpya ni kubwa kidogo, inazunguka mara chache, na klachi ya ndani inabaki inasuguana safari nzima ya Dar hadi Njombe. Subaru inataka mzunguko wa tairi usitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi. Kwa hiyo wekeni kwenye bajeti tairi nne kwa mpigo, na zizungusheni nafasi kila kilomita 10,000.

X-Trail inashinda kwa nafasi. Tairi za mbele na nyuma zimeachana milimita 65 zaidi, na miguu ya waliokaa nyuma inaisikia. Siti mbili za mwisho ni za watoto, mtu mzima atafika Morogoro akiwa amekunjika. Mkizitumia hizo, mizigo haina pa kukaa, na mtajikuta mnafunga mabegi juu. Ninyi ni watano, Forester inawatosha. Kama bibi au msaidizi husafiri nanyi kila mara, mwambie shemeji tuongee upya, maana hapo Forester haifai kabisa na hakuna haja ya kulazimisha. Spea za X-Trail pia ni nyingi zaidi na rahisi kidogo, kuanzia Gerezani hadi mikoani. Za Forester zipo, ila ukiwa Njombe unaweza kusubiri basi lilete kutoka Dar.

Mkienda kuyajaribu, msikubali mzunguko wa dakika tano. Endesheni nusu saa, kwa sababu CVT mgonjwa hujificha ikiwa baridi. Toka R kwenda D: ikichelewa zaidi ya sekunde moja na kisha ikashtuka, shaka. Kati ya mwendo wa 20 na 60 kanyaga mafuta kidogo tu, usikilize mtetemo kama gari linapita juu ya matuta madogo. Sauti ya mluzi inayopanda na mwendo wa gari hata ukiachia mafuta ni beringi, ya ndani ya giaboksi au ya tairi, na lazima fundi aitofautishe. Mwisho, kwenye uwanja mpana, kata usukani hadi mwisho uzunguke polepole: Forester ikikwamakwama kama breki zimeshikwa, klachi ya 4WD au tairi zina tatizo.

Kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika gari, mpelekeeni fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya chapa husika, si kile kifaa kidogo cha kusomea taa ya injini pekee. Kwenye Nissan mashine hiyo huonyesha hesabu ya uchakavu wa oili ya CVT iliyowekwa na kompyuta yenyewe, na huwezi kuidanganya kwa kuosha injini. Ombeni pia karatasi ya mnada wa Japan. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linavumilika, R maana yake liligonga likatengenezwa. Linganisheni kilomita za kwenye karatasi na za dashibodi.

Mkichukua Forester, kazi ya kwanza ni oili ya CVT. Kumwaga kwa kawaida hutoa sehemu tu, kwa hiyo mwageni na kujaza, endesheni kilomita elfu moja au mbili, mrudie. Iwe oili iliyoandikwa kwa ajili ya CVT ya Subaru, kiwango kipimwe giaboksi ikiwa na joto la nyuzi 35 hadi 45, na mtu asiwashawishi kutumia haidroliki ya kawaida au kuisukuma kwa mashine ya presha.

Na mkiamua X-Trail kwa sababu ya siti, mwambieni muuzaji hivi: oili imwagwe mbele yenu, sampo ya CVT ifunguliwe, na sumaku zilizomo zitazamwe. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida, jazeni NS-3 mpya, oili ya CVT ya Nissan, na mjadili bei. Vipande vinavyong'aa mnavyoweza kuvishika kwa vidole, mrudishieni funguo. Akikataa isifunguliwe, mrudishieni vilevile.